Mwongozo wa Anayejipenda Kupita Kiasi

Kama unajipenda kweli, usikose msiba wa jirani. Nenda mapema, kabla turubai halijafungwa, na usikae kwenye viti, maana mkaa vitini huondoka na huzuni ileile aliyokuja nayo. Pitiliza mpaka uani wanakochambua mchele, omba kisu, kisha jimilikishe vitunguu vyote. Wakikuambia, "Kaa tu, shemeji, tutafanya," kataa katakata. Faida ya pale uani usiwaachie wenzako.

Usiseme huna kitu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha katika jarida la Science jaribio la Kanada: watu walipewa dola 5 au 20 asubuhi, wengine wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu au watoe sadaka. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine ndio waliofurahi zaidi, na mwenye 20 hakumshinda mwenye 5. Watu wa pembeni walioombwa kubashiri walidhani mwenye raha angekuwa yule wa kujinunulia, tena mwenye 20. Baadaye Aknin na wenzake wakalinganisha Kanada na Uganda, na kote kuwili kukumbuka pesa ulizotumia kwa ajili ya mwenzio kulileta furaha zaidi kuliko kukumbuka ulizotumia kwa ajili yako mwenyewe.

Ukizongwa hasa, fuata njia ya Bill Wilson. Mei 1935 alikuwa Akron, Marekani, biashara imemharibikia, ameacha pombe miezi michache tu, na hapo hotelini baa iko hatua chache. Hakutafuta wa kumbembeleza. Alishika simu akamtafuta mlevi mwingine wa kumsaidia, akapata daktari aitwaye Bob Smith, na mazungumzo yao yakazaa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kabla ya hapo Wilson alikuwa amewahangaikia walevi wengi New York, wote wakarudi kwenye chupa. Ila yeye hakurudi. Kwa hiyo usingoje msaada wako ufaulu ndipo ufaidi. Anza na huyo huyo asiyesikia.

Sharti moja silegezi: hiari. Aliyelazimishwa hafaidi. Kila ukoo una binti aliyeachiwa kumuuguza bibi kwa sababu tu hajaolewa, huku ndugu zake wakituma pesa na pole kwa simu. Ni dhuluma, na kumhubiria binti huyo raha ya kutoa ni kumwongezea mzigo. Lakini wewe mpenda nafsi yako, huyo ndiye mtu wako. Bisha hodi Jumamosi asubuhi. Akuelekeze dawa za mchana ziliko, uji upikwe mzito kiasi gani, na bibi anageuzwa kwa upande upi asiumie. Halafu mfukuze, akasuke au akalale kwa shoga yake, na umkataze kurudi kabla ya magharibi.