Ukitaka Kuchora Vitabu vya Watoto, Anzia Sokoni

Umeamua kuchora vitabu vya watoto, nawe unaishi Bagamoyo? Hongera. Kabla hujanunua hata penseli, nenda soko la samaki ufukweni. Mtazame mama lishe anavyofunua mashavu ya changu kuona kama bado ni mekundu, na paka aliyekaa pembeni akijifanya hana shida. Huyo paka ndiye mhusika wako wa kwanza. Mlipe kichwa cha dagaa.

Kisha chora ngalawa, na usikurupuke. Mtoto wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, hata kama hajajua kusoma, akiona ngalawa yenye ubao mmoja tu wa pembeni atakwambia itapinduka, na hadithi yako itazama hapo hapo. Mhariri atakusamehe kuku wa miguu mitatu; mtoto atamwita na jirani aje kuihesabu. Mchoree mtoto kandambili zilizoshonwa kwa waya na magoti yenye mchanga. Ukimpa nyumba yenye dohani na theluji juu ya paa, umempa kitabu cha mtoto mwingine.

Ukitaka mwalimu, Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo TaSUBa, kipo hapo hapo mjini. Ukitaka mfano, mfuate mchoraji John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga. Alichukua mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, akawavika wanyama nguo na kuwatuma sokoni. Kitabu chake cha sokwe na samaki kilitoka Uswisi mwaka 2001. Hadithi alizifuata kwa wazee vijijini.

Usiahidi michoro ovyo: vitabu hivi huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa karatasi ya mtambo hukunjwa.

Sasa fedha. Shangazi atauliza utaanza kazi lini, mwoneshe mkataba. Kwa hiyo uwe nao! Usikubali kulipwa mara moja kisha kitabu kirudiwe kuchapwa miaka kumi wewe ukitazama. Dai mrabaha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda michoro kama inavyolinda maandishi, na jina lako lina haki ya kutajwa.

Nawe mzazi, unapomsomea mtoto jina la mwandishi jaladani, msomee na la mchoraji. Likikosekana, mpigie mchapishaji umuulize.