Huyu Ni Nani Wenu?

Nkt! Sogea hapo, hiyo kreti ya soda ni kiti cha watu wawili. Mama, nipe chai na andazi moja; geti halijafunguliwa na leo sioni dalili ya kibarua. Acha niwaambie lililonipata.

Mnamjua jamaa wa fremu, yule anayepita na mkokoteni hapa Barabara ya Dunga saa ya chakula? Aliniuzia picha ya msichana wa kizungu, kilemba cha samawati, hereni ya lulu, anakutazama juu ya bega kana kwamba umemwita. Shilingi 1,500. Nikaipeleka nyumbani Maringo, nikaitundika juu ya kochi, nikajiona mtu. Wiki ya pili Mama akaja kutoka Kangundo. Hata mfuko wa maembe hajautua, anauliza: "Huyu ni nani wenu?"

"Si mtu, Mama. Ni picha tu."

"Picha ya nani?"

Nikakwama. Ukuta wetu mnaujua: pale anakaa babu aliyefariki, harusi, mtoto na joho lake la kuhitimu, Yesu, na kama una duka, Rais. Sura ya ukutani lazima iwe na wenyewe. Mama akamtazama mke wangu, mke wangu akanitazama mimi. Haki ya Mungu, hao wawili walishaanza kupiga hesabu.

Nikamtafuta yule kijana mchoraji aliyekuwa akishinda GoDown, hapo hapo Dunga, tangu ghala lile lilipofunguliwa kuwa la wasanii mwaka 2003. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mchoraji ni Johannes Vermeer, Mholanzi wa Delft, kama mwaka 1665. Na msichana? Hajulikani! Waholanzi picha hizo huziita tronie, sura tu, si ya mtu maalumu. Yaani Mama angeuliza hata huko kwao, angekosa jibu. Mwaka 1881 iliuzwa mnadani The Hague kwa guilder 2, ukiongeza senti 30 za ada. Nami nilidhani nimepunguziwa.

Tena ni kapicha. Sentimita 44.5 kwa 39, kama trei mbili za mayai. Yangu inatoka kwenye kochi hadi swichi ya stima, imevutwa kwa upana mpaka binti ana shavu la mtu mwenye jino bovu. Na ule weusi wa nyuma yake, wataalamu wamegundua ulikuwa pazia la kijani lililopotea kwa miaka. Wangu umetoka rangi ya chai ya jana, maana mchapishaji alibana wino. Picha nyingi za enzi ile zinaishi kwa giza. Uso unachomoza humo kama mtu aliyeshika koroboi. Ukilinyima giza wino, umeuzima uso.

Wewe wa kulehemu, acha kunung'unika eti nakala ni wizi. Louis wa 14 wa Ufaransa alichorwa na Rigaud mwaka 1701: mzee wa miaka sitini na ushei, soksi ndefu, kisigino chekundu, mguu mbele kama yuko studio. Picha ilikuwa ya kumpelekea mjukuu wake, mfalme wa Uhispania. Mzee alipojiona, akainyakua, akaagiza nakala. Nakala zimeanza jana?

Ila kuna mmoja ambaye yule kijana mchoraji alinionyesha kwenye simu, na huyo hajanitoka. Juan de Pareja. Mtu wa asili ya Kiafrika, kola nyeupe ya lesi, mkono kifuani, anakutazama kama karani anayejua deni lako. Velázquez alimchora Roma mwaka 1650. Alikuwa mtumwa wake, sikieni! Mwaka huo huo akamwandikia hati ya uhuru, lakini ya kuanza kazi baada ya miaka minne. Nkt! Pareja akaja kuwa mchoraji mwenyewe. Kazi yake ya 1661 iko Prado, Madrid, naye kajichora ndani, kashika karatasi.

Jana nikamsimamisha jamaa wa mkokoteni, nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Huyu sina. Lakini naweza kukuchapishia. Ni mjomba wako?"

"Wewe chapisha, wino usibane. Na nyuma ya fremu uniandikie jina lake lote. Mama anarudi Disemba."