Dakika 11 Ndani ya Clubhouse: Mhadhara wa Bingwa

Wazee wangu wa Biryogo hapa Kigali, akina mama, vijana mnaojifanya hamsikii, na wewe kijana wa chapati ambaye nakuomba upunguze kelele za kikaango: asalamu alaikumu. Ilikuwa mwenyekiti anitambulishe, lakini kwa kuwa mwenyekiti ni mimi, nitajitambulisha. Mimi ni bingwa wa mitandao ya kijamii. Hakuna chuo kilichonipa shahada, na hilo ni kosa la vyuo. Nitazungumza Kiswahili, lugha rasmi ya Jamhuri hii ya Rwanda tangu 2017, ingawa sisi wa Nyamirambo tuliirasimisha kabla wabunge wenyewe hawajazaliwa.

Mada ni Clubhouse, mtandao ambao Mei hii ya 2021 umewakumbuka watu wa simu za Android. Nyinyi ndiyo kwanza mnauona. Mimi niliuona Februari, na uzoefu wangu wa mwezi ule ndani yake ni dakika 11 kamili.

Waliouanzisha huko Marekani mwaka jana ni Paul Davison na Rohan Seth. Hamna picha za kupeana, hamna maandishi, ni sauti tu. Unaingia chumbani, wachache wako jukwaani wanasema, waliobaki wako chini wanasikiliza, na mwenye neno anainua mkono. Yaani watu wamekaa California wakavumbua baraza. Tena baraza lisilo na kahawa! Januari likatajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1, Aprili zikawa 4. Baraza letu hili, lenye viti na chai ya mnanaa, bado sijasikia likitajwa.

Wewe uliyeinua mkono, ushushe. Maswali ni baadaye.

Sasa tegeni masikio. Sauti haikuwa na lolote. Utamu ulikuwa mlangoni. Huingii mpaka ualikwe, na mwanachama mpya alipewa mialiko 2 tu. Halafu lazima uwe na iPhone. Mimi simu yangu ni Mara, imeundwa hapahapa Kigali, kwenye kiwanda kilichofunguliwa Oktoba 2019. Nikafungiwa nje kwa uzalendo wangu. Wapo waliosema bingwa anaimba sizitaki mbichi hizi. Uongo. Nilizitaka sana.

Mnaikumbuka Guma mu Rugo ya Januari, ile "kaa nyumbani" ya korona, mji ulipofungwa tangu tarehe 19 hadi Februari 7. Stendi ya Nyabugogo kimya, pikipiki za abiria hakuna, mtu anamjua jirani kwa kikohozi. Basi asubuhi ya Februari 1, kwa saa zetu, Elon Musk akaingia chumba kimoja cha Clubhouse. Chumba kikafika ukomo wake wa watu 5,000, wengine wakabaki nje. Kuanzia siku hiyo mtu unga umemwishia, yeye anatafuta mwaliko.

Kwa bahati mpwa wangu, mwenye iPhone, zuio lilimkuta kwangu. Nikamwambia anialike. Akasita. Kumbe ukimwalika mtu, jina lako linaandikwa kwenye ukurasa wake na halifutiki, na mgeni wako akiharibu, lawama inakurudia wewe. Mtoto akanitazama, akaniuliza: "Mjomba, utaweza kujizuia?" Swali hilo, kwa mtu wa hadhi yangu, ndani ya nyumba ninayolipia kodi!

Sikumjibu. Nilisubiri aende kuoga.

Kwa hiyo niliingia kwa jina la mpwa na picha ya mpwa, chumba cha wawekezaji. Nikainua mkono, nikapandishwa jukwaani. Kando ya picha kikatokea kipaza sauti kilichokatwa kwa mstari. Kwa utaalamu wangu nikatambua mara moja kuwa ni nishani ya mzungumzaji, nikaanza kuhutubia juu ya mustakabali wa sauti barani Afrika. Jamani, tangu nizaliwe sijasikilizwa vile. Hakuna aliyekohoa. Mwendesha chumba alisema mara mbili, "Ndugu, tunakusubiri," nikajua wana kiu, nikaongeza. Mle ndani makofi ni kuwasha na kuzima kipaza sauti harakaharaka, na kweli vikawaka, ila akashangiliwa mama mmoja aliyekuwa akisema wakati mmoja nami, bila adabu. Kisha wakanishusha chini kwa wasikilizaji. Mpwa akatoka bafuni. Nishani ile sikumwuliza habari zake, na hadi leo naiweka moyoni.

Turudi mlangoni. Ndugu zetu wa Oman wamefungiwa Clubhouse tangu Machi, mamlaka ikisema mtandao hauna kibali. Nawahakikishia kuwa leo hakuna mahali unapotamaniwa kama Muscat. Sisi tuliofunguliwa je? Mara yangu imekubaliwa wiki iliyopita, na nimeingia kwa jina langu halisi. Mwaliko... naam, mwaliko bado unahitajika. Amenipa kijana wa chapati. Jina lake liko chini ya langu, kwa hiyo wanaocheka wacheke wamalize. Sikujua kuwa ana chumba chake cha usiku na kwamba watu wanapanga foleni ya mikono kuongea naye kuhusu mpira.

Nami nimefungua changu: "Bingwa Anajibu". Usiku wa kwanza tulikuwa wawili. Wa pili alikuwa kijana huyuhuyu, na nadhani alilala, maana nilisikia mtu akikoroma na si mimi. Wale waliokuwa wakitafuta mwaliko Februari nimewapigia simu mmoja mmoja. Mmoja kaniambia bando limeisha. Mwingine kaniuliza, "Clubhouse gani?"

Limebaki jambo moja. Mle chumbani, chini, upande wa kushoto, kuna kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza, maana yake ondoka kimyakimya. Huagi, hutoi mkono, hudai dharura ya msiba. Unagusa, umekwenda, na anayesema hajui. Kwetu mtu huinuka barazani akasema "jamani, niruhusuni", tukamkatalia mara mbili, ya tatu ndiyo akaenda. Nakilaani kitufe kile mbele ya hadhira hii... Mzee wa kofia alikuwa ameketi hapa. Na wale wa benchi la nyuma? Glasi zao bado zinafuka moshi.

Kijana wa chapati, hebu inua mkono nijue kama upo.