Barua ya Wazi kwa Mzee Hays: Hawakufa

Kwa Mheshimiwa Will H. Hays,
Ofisi ya Maadili ya Filamu,
Hollywood, Marekani.

YAH: WANAWAKE WAWILI KUFIKA MWISHO WA FILAMU WAKIWA HAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Inafahamika kwamba Kanuni za Ofisi zilifutwa mwaka 1968, na kwamba Mzee Hays mwenyewe alifariki 1954. Lakini kwa kuwa kabla ya Hollywood alikuwa Waziri wa Posta, mwandishi wa barua hii ana imani kuwa itamfikia.

Malalamiko yanahusu Drive-Away Dolls, filamu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Ethan Coen, aliyeiandika pamoja na mkewe, Tricia Cooke. Mwaka ni 1999. Jamie (Margaret Qualley), mwenye mdomo usiojua breki, ameachana na mpenzi wake, askari polisi wa kike. Marian (Geraldine Viswanathan), msomaji wa Henry James na mwenye haya za kupitiliza, anakwenda kwa shangazi yake Tallahassee, na Jamie anaungana naye. Wanakabidhiwa gari la watu walifikishe huko, utaratibu ambao dereva yeyote wa gari la IT, yaani la kupelekwa nchi jirani, kutoka bandari ya Dar hadi Tunduma angeuelewa bila kuelezwa: gari si lako, safari ni yako. Kumbe gari hilo lilikuwa la majambazi. Kwenye buti mna boksi la kofia lenye kichwa cha Pedro Pascal, pamoja na mkoba ambao kilichomo ndani, kwa kuchunga heshima ya Ofisi, kitaelezwa hivi: ni nakala za kile ambacho wanaume wakubwa, mmojawapo seneta mhubiri wa maadili (Matt Damon), waliwahi kukubali kichukuliwe umbo kwa plasta.

Kanuni za Ofisi, zilizopitishwa 1930 na kutiwa makali 1934 chini ya Joseph Breen, zilitaka mhalifu asionewe huruma, na mapenzi ya jinsia moja yasiguswe hata kwa fumbo. Na Ofisi ilikuwa na mkono mrefu! Mwaka 1936 William Wyler alitaka kuitia kwenye filamu tamthilia ya Lillian Hellman, The Children's Hour, kuhusu walimu wawili wanawake wanaozushiwa kuwa wapenzi. Uzushi ukabadilishwa: mwalimu akasingiziwa kutembea na mchumba wa mwenzake, na filamu ikaitwa These Three. Kumwibia rafiki mchumba, hilo lilipita bila shida. Wyler akarudia hadithi ileile 1961, safari hii bila kuficha, na Martha wa Shirley MacLaine akajinyonga.

Huo ndio uliokuwa uungwana. Hata Thelma na Louise wa filamu ya mwaka 1991, ambao hawakuwa wapenzi, walishika adabu wakaliingiza gari korongoni.

Jamie na Marian hawana adabu hiyo. Wanapendana njiani, wanamdai seneta dola milioni moja, kisha wanaondoka zao. Mwandishi amejaribu kuipima filamu kwa Kanuni na amekwama: majambazi wamepigana risasi wenyewe kwa wenyewe, seneta naye kala ya kwake kutoka kwa yule askari. Uhalifu mkubwa umelipwa. Ofisi ieleze sasa, hawa wawili wafe kwa kosa la fedha au la busu?

Kuna pia jambo la jina. Filamu ilipangwa kutoka na neno lile kali la mitaani wanaloitwa wanawake wanaopendana, ambalo wengi wao wamelichukua wakalivaa kama kanga yao wenyewe. Likawekwa "Dolls", yaani wanasesere. Mwishoni jina la asili linarudi kwenye kioo, wakati mchunga maadili ameshainuka kutafuta funguo za gari.

Hata hivyo Ofisi isikate tamaa, ina wajukuu. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, ikiwa imeshachaguliwa kwenda Cannes, ya kwanza kutoka Kenya. Humo hamna maiti wala mkoba. Kuna mapenzi ya Kena na Ziki tu, mabinti wa wanasiasa wawili mahasimu wa Nairobi. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Breen angelia kwa furaha. Septemba Jaji Wilfrida Okwany akairuhusu kwa siku 7, watu wakajaza kumbi, na siku ya nane Kenya ilikutwa palepale ilipoachwa, foleni za magari zikiwemo.

Mwongozo wa Ofisi unasubiriwa kwa njia ya posta.

Kiambatisho: mkoba mmoja. Usifunguliwe mbele ya watoto.
Nakala: Seneta, kwa ajili ya kuutambua ulio wake.