Tapeti Zilipobisha Hodi Makaburini

Injini ya gari lako ikianza kugonga ukiwa Soweto, usihangaike kutafuta fundi. Mafundi watakuja wenyewe. Atakuja dereva wa teksi anayengoja abiria, atakuja muuza mahindi ya kuchoma, atakuja baba aliyetumwa mkate na mkewe, na kila mmoja atainamisha kichwa, atafumba macho, kisha atatamka ugonjwa. Hakuna anayesema hajui. Nimekulia Dar es Salaam, mji usio na upungufu wa wajuaji, lakini kwa hili nawavulia kofia.

Gari langu ni Nissan 1400, pikapu ndogo iliyokuwa ikiundwa Rosslyn, karibu na Pretoria, hadi mwaka 2008, na ambayo wenyeji hawajakubali mpaka leo kwamba imeacha kuundwa. Injini yake ya cc 1,397 ni ya mtindo wa kizee: kemshafti iko chini ndani ya bloku, inasukuma tapeti, tapeti zinasukuma fimbo ndefu, fimbo zinainua roka, roka zinabonyeza vali. Safari yote hiyo kwa ujumbe wa neno moja tu, "fungua". Kila kiungo cha njiani kikilika kidogo, nafasi inaongezeka, na nafasi ikizidi, chuma kinapiga chuma. Isitoshe, huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ndogo namna hii hata ikiwa nzima hupanda kilima kwa manung'uniko. Yangu ilinung'unika hata kwenye tambarare.

Ningeendelea kuongeza sauti ya redio kama si msiba. Jirani wa Orlando East alifiwa na shangazi yake, na pikapu ikaombwa kubeba viti vya wazee mpaka makaburi ya Avalon. Jumamosi asubuhi Avalon ina foleni kama mjini, misafara inapishana, na msafara wa mazishi hauendi mbio. Injini ikawa inazunguka polepole kabisa, watu wamenyamaza, na humo ndani ya boneti kuna kitu kinagonga kama mgeni anayebisha hodi. Hodi, hodi, hodi, kuanzia lango la makaburi hadi kaburini. Bibi mmoja aliyevaa sare ya umoja wa kina mama wa kanisa aligeuka akanitazama. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Tuliporudi tukanawa mikono kwenye beseni lililowekwa getini, tukala, halafu ikaanza ile sehemu ya pili ya mazishi ya Soweto, ya bia na muziki, ya kumsindikiza marehemu kwa vicheko. Nilidhani watamzungumzia marehemu. Wapi! Boneti ilikuwa imeshafunguliwa. Mmoja akasema ni beringi za konrodi, uza injini. Mwingine akasema ni petroli mbovu. Wa tatu, aliyekwisha kunywa za kutosha, akasema gari linamlilia shangazi, tuliache. Kijana mmoja hakusema neno. Alichukua spana na bisibisi, akafungua kava, akakaza skrubu za roka zote nane mpaka mlio ukafa. Walimpigia makofi. Injini ilinyamaza kweli. Hata mimi nilipiga makofi.

Kesho yake ilinyamaza zaidi, maana haikuwaka. Ilipokubali hatimaye, haikuwa na nguvu ya kusukuma hata toroli. Chuma kikipata joto hurefuka, na vali nayo ni chuma. Usipoiachia nafasi, injini ikiwa ya moto vali haikai kwenye kiti chake sawasawa, mgandamizo unavuja, na vali ya moshi, ambayo hupoa kwa kugusa kile kiti, inaanza kuungua. Kijana alikuwa ametibu kikohozi kwa kumziba mgonjwa mdomo.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Aliposikia lafudhi yangu akanijibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha enzi ya Mwalimu: "Karibu, ndugu. Habari za Morogoro?" Alikuwa mmoja wa vijana waliokimbia nchi baada ya maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976, akapokelewa Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya Solomon Mahlangu ambayo ANC iliifungua mwaka 1978. Kiswahili na ufundi, alisema, alivipata mahali pamoja, chini ya trekta. Nilipomwambia kwamba mimi si wa Morogoro bali wa Temeke, alisikitika kidogo, kisha akanisamehe.

Kwanza alizilegeza skrubu zote, kelele ikarudi. Akaweka ncha ya mpini wa fagio kwenye kava ya roka, ncha nyingine sikioni. "Konrodi hugonga kwa mwendo wa krenki," akasema. "Hii inakuja nusu ya mwendo huo. Kemshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Ugonjwa uko juu, ndugu." Akaondoa kava, injini ikinguruma na kumtemea oili, akawa anapenyeza fila, kile kibati chembamba cha kupimia, kwenye nafasi ya kila roka. Alipofika ya sita, mlio ukakatika. Mwizi kapatikana.

Mimi nikadhani tutaiseti, twende zetu. Akanivulia roka ile anionyeshe ncha yake: ina kishimo, kimechimbwa na vali kwa miaka. Fila imenyooka, inakaa juu ya kingo za kishimo, inakuambia nafasi ni sawa, kumbe chini yake kuna nafasi nyingine isiyopimwa. Unaweza kuseti hadi Krismasi. Akachomoa shafti ya roka. Juu inang'aa, safi. Akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa na mifereji, kwa kuwa fimbo na vali zote mbili huisukuma roka kwenda juu, na shafti hulika chini pasipoonekana. Tundu la oili lilikuwa limezibwa na masizi meusi. Mwenye gari aliyenitangulia aliniapia kwamba alikuwa akibadilisha oili kila mara. Nitamwachia Mungu.

Shafti na roka tulizipata kwenye skrepu. Fimbo tulizijaribu kwa kuzibingirisha juu ya kioo cha dirisha, iliyopinda hurukaruka. Kuseti ndiko kulikonifurahisha. Mzee ana kanuni ya tisa: vali ya nane ikifunguka kabisa, unaseti ya kwanza, ikifunguka ya saba, ya pili, jumla lazima iwe tisa. Wajukuu zake walipanga mstari, yeye anazungusha injini na kutaja namba, wao wanapiga kelele za jibu. "Tatu!" "Sita!" Nafasi ni milimita 0.35 injini ikiwa ya moto. Washauri wote wa mtaa walikuwepo siku hiyo, hatua tatu nyuma, vidole vyao vizima.

Bado inagonga kidogo asubuhi, na mzee amenikataza kuinyamazisha. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua gari la umri huu, muuzaji akijisifu kwamba injini yake haina hata mlio mmoja, mwombe aizime ikiwa ya moto, kisha aiwashe tena mbele yako.