Mbinu za Mechi ya UMISSETA Dodoma

Maandalizi ya kimbinu ya timu ya sekondari huanza na kumchunguza mpinzani. Katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania yanayopanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, mpelelezi kwa kawaida ni mwanafunzi aliyetumwa shule jirani, naye hurudi na ripoti kamili: "Wana namba tisa mrefu." Mwalimu wa michezo, mwenye pia vipindi vya Jiografia, huchora 4-4-2 ubaoni na kumzungushia duara huyo mrefu.

Kisha huja upepo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake wa kiangazi hubeba vumbi la kutosha kumficha winga mzima. Tangu 2019, anayeshinda kura ya shilingi huchagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Nahodha mwenye akili huchagua upepo. Kipindi cha pili, upepo ukiwa usoni, ni cha kubutua nje.

Mbinu kuu haichorwi ubaoni: mamluki, kidato cha pili mwenye ndevu ambaye hata mwalimu wake wa darasa hamjui jina. Huyo hakabwi na beki. Hukabwa na pingamizi, nalo liandikwe mapema.