Jinsi ya Kuchagua Kochi Lisilopita Mlangoni

Anza na kalenda, futi baadaye. Hapa kwetu Nkubu, upande wa Meru, makochi hayanunuliwi mwezi wowote mtu akijisikia. Hununuliwa Oktoba, bonasi ya majani chai ikishaingia, na mafundi wanaijua tarehe hiyo kuliko wakulima wenyewe. Shirika la chai la KTDA likitangaza tu kiwango cha kilo, seti hutolewa karakanani zikapangwa kando ya barabara ya Chuka na Embu, bado zimevikwa nailoni, na bei hupanda kwa heshima ya msimu. Hiyo ndiyo siku yako. Ukienda Agosti fundi atakupunguzia, atakuwa na nafasi ya kukusikiliza, mbao zake zitakuwa zimekauka, na majirani watakaa mwaka mzima wakijiuliza pesa ulizitoa wapi.

Oktoba ina faida nyingine. Upande huu wa Mlima Kenya mvua za vuli hazina mzaha, nazo huanza mwezi huo huo. Kwa hiyo kochi la rangi ya maziwa, ambalo ndilo utakalochagua, litafika nyumbani pamoja na tope jekundu la Imenti Kusini. Muuzaji akikuonyesha la kahawia, mkatalie kwa upole. Kahawia inaficha uchafu, na mtu mwenye uwezo hana uchafu wa kuficha. Zulia la manyoya marefu litakwenda sambamba na kochi hilo, ili kila mgeni avue viatu mlangoni na soksi zake zijieleze zenyewe.

Sasa vipimo. Utaambiwa upime chumba kwanza. Pima, maana tepu haiumi, ila usiiachie ikuamulie. Tuseme sebule yako ni futi 12 kwa 12, na ulijinyima sana kuipata. Seti ya heshima ni ya siti saba: la watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Kochi lolote linatoka ukutani karibu futi 3. Mawili yakitazamana yamekula 6. Meza ya kioo, ile yenye miguu ya simba, inakula 3. Zinabaki 3, yaani futi moja na nusu kila upande, na humo ndimo magoti ya wageni yatakamoishi. Anayetaka kwenda msalani lazima wenzake wainue miguu mmoja baada ya mwingine hadi afike mlangoni. Ni mpango mzuri. Hakuna anayeweza kutoroka mkutano kabla ya mchango kukusanywa.

Wanaokaa chumba cha kukodi cha kumi kwa kumi wasivunjike moyo. Siti saba huingia humo pia, mradi kitanda kitoke.

Huko dukani pima kila kitu isipokuwa mlango. Milango yetu mingi ya mbele ina upana wa futi 3, ukiondoa fremu ni pungufu, na grili ikishafungwa ni pungufu zaidi. Haya utayajua saa kumi na mbili jioni, pikapu ikinguruma uani na mawingu yakishuka kutoka mlimani. Kila mwanamume anayepita njiani atakuwa injinia. Mmoja atasema ligeuzwe kichwa chini, wa pili atasema lisimamishwe wima, wa tatu, ambaye hajashika hata kona moja, atauliza kwa nini hukupima. Kama nyumba yako ni ya mbao na imeinuliwa juu ya nguzo, ongeza ngazi tatu na mkunjo wa baraza. Hatimaye dirisha litatolewa pamoja na fremu yake, kochi litaingia, na dirisha litarudishwa likiwa limepinda kidogo. Kuanzia hapo kochi hilo ni sehemu ya nyumba kisheria. Watakaogawana urithi watagawana na dirisha.

(Mwenye haraka ya kujua siri: miguu ya kochi hufunguliwa kwa skrubu, na fundi wa Nkubu anaweza kukutengenezea la kona katika vipande viwili akiambiwa mapema. Lakini ukimwambia mapema utakosa ile jioni.)

Tuje kwenye mbao, na hapa naomba tukae kidogo. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: "Hii ni mahogani?" Atajibu ndiyo. Chochote kilichopakwa vanishi nyekundu ni mahogani, na fundi mwenye adabu hawezi kumbishia mteja aliyemwita jina zuri. Chini ya vanishi hiyo kuna saiprasi, mti uliotoka Meksiko, au mgrevilea, uliotoka Australia kuja kuwa kivuli cha chai na kahawa, au blugamu, ambao nao ni wa Australia na ukikatwa leo na kuungwa kesho hujipinda ndani ya nyumba yako bila kuomba ruhusa. Si miti mibaya. Saiprasi iliyokaushwa vizuri hubeba familia miaka mingi. Shida ni hilo neno kukaushwa. Tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90 na kisha kuziongeza na kuziongeza hadi 2023, mbao zimekuwa kitu cha kukimbiliwa, na cha kukimbiliwa hakisubiri jua. Weka kiganja kwenye sehemu isiyopakwa rangi, chini ya kiti. Ukihisi ubaridi na unyevu, mti huo bado unafikiri uko shambani.

Kuna mti mmoja ambao hutaulizia kabisa, kwa sababu ni wa kwetu. Muuru. Wauzaji wa Nairobi huuita Meru oak, wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis, na kwao ni miteremko ya huu mlima tunaoutazama tukipiga mswaki. Vijani vyake hukaa vitano vitano kwenye kikonyo kimoja, matunda yake meusi watoto huyala, na mbao zake zina michirizi ya kijivu na kahawia ambayo haihitaji vanishi ya kudanganya mtu. Huchongeka bila ugomvi. Meza ya muuru huhama na familia, hukwanguliwa, hupigwa msasa, na inarudi kuwa mpya. Umekatwa sana hadi wanaohesabu miti iliyo hatarini wameuorodhesha, kwa hiyo ukiupata halali kwenye shamba la mtu aliyeupanda, ni bahati.

Basi ukwepe. Badala yake safiri Nairobi, zaidi ya kilomita 200, ukanunue stendi ya televisheni ya chipubodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvalishwa karatasi yenye picha ya michirizi. Picha ya michirizi ya mti fulani mzuri. Irudishe juu ya basi kupitia mabonde ya Thuci, Nithi na Mutonga, na huenda njiani mkapishana na lori la muuru wenyewe ukienda kutengenezwa viti vya watu wa mtaa wa Karen. Ukifika, iweke sebuleni unapopiga deki kila asubuhi. Chipubodi hunywa maji kwa uaminifu. Ikifika Pasaka miguu itakuwa imevimba na droo zitafunguka kwa magoti. Lakini ilitoka Nairobi, na hilo maji hayawezi kuliondoa.

Kama kununulia Nairobi ni mbali, nunulia Meru mjini. Seti ikitoka huko itavuka ikweta kabla ya kufika kwako, na una haki ya kumwambia jirani kwamba imetoka nusu nyingine ya dunia.

Kuhusu sponji sina mengi. Keti kwa heshima, dakika moja, mgongo wima, kama unavyoketi mbele ya mkuu wa shule. Usilale, usirukeruke, usivute zipu ya mto kuona kama ndani kuna sponji nzima au chengachenga zilizoshindiliwa ndani ya gunia. Na usije hata siku moja ukainua kona ya mbele ya kochi kwa mkono mmoja. Kochi lenye fremu imara, ukiinua mguu mmoja wa mbele, wa pili hufuata mara moja. Legevu hubaki chini likifikiria. Fundi akikuona unafanya hivyo atajua umewahi kuambiwa na mtu, na urafiki wenu utapoa.

Ngozi bandia? Ndiyo, inayong'aa. Mwaka wa kwanza kila mtu ataigusa. Baadaye itaanza kubanduka vipande vidogo vinavyoshika nguo za wageni, nao watatembea navyo hadi stendi ya matatu wakikutangaza. Ndipo vitambaa vya kroshia vinapookoa jahazi. Funika migongo, mikono, meza, redio, chupa ya chai. Kitambaa kikifunika kitambaa, hapo umefika.

Lazima sasa niseme kitu ambacho muuzaji hatakwambia. Viti hivi si vyenu. Ninyi wa nyumba hiyo mko wanne au watano, na jioni mko kwenye jiko la nje, kwenye kuni, mmekalia vigoda na benchi fupi, mukimo ukipondwa na hadithi zikiendelea. Sebule imefungwa. Ni ya jumuiya ndogo ndogo, ambayo huzunguka nyumba hadi nyumba na zamu yako ikifika huja na nyimbo na macho ya ukaguzi. Ni ya chama, ambako kila mama akiketi hubonyeza mto kwa kiwiko akijifanya anatafuta rozari. Ni ya padri, ambaye hupewa la mtu mmoja lenye kitambaa kilichofuliwa asubuhi hiyo, na ya mwalimu aliyekusomesha. Ukiuliza kiti gani kinaifaa nyumba yako, basi uliza kwanza nani atakikalia. Watoto waelezwe mapema: wakionekana juu ya kochi, wawe wamebeba trei.

Katika wageni wote, walio wazito ni wakwe, na kwa ajili yao mpango mzima wa siti saba huporomoka. Siku ya mazungumzo ya mahari mzee wa miaka themanini ataongozwa hadi kwenye kochi kubwa kuliko yote, lile la sponji laini ulilolilipia ziada. Ataketi. Atazidi kuketi. Magoti yatapanda yakaribie kifua, fimbo itabaki juu peke yake, na chai itampata akiwa huko chini anaangalia dari. Atakapotakiwa kusimama aombee chakula, vijana wawili watahitajika, mmoja kila kwapa. Akishakaa wima atafuta koti na kusema, bila kumtazama mtu, "Mama, hapa hakuna kiti?" Na mama mwenye nyumba, katikati ya sebule yenye viti saba, atamtuma mtoto kwa jirani akalete cha plastiki.

Kwa hiyo kabla hujalipa, rudi kwa yule fundi wa barabarani na uagize kimoja zaidi. Kigumu, chenye mikono ya kushikilia, mgongo ulionyooka, kalio likiwa inchi 18 kutoka chini, na kama ana ubao wa muuru uliokauka nyuma ya karakana, atumie huo. Asikipake nyekundu. Atakwambia, "Ijumaa kitakuwa tayari, mkubwa." Muulize Ijumaa ya lini, mpe nusu, na nusu nyingine ubaki nayo mpaka ukione kimeshuka kwenye bodaboda.